Chokaa kwenye Ndoo ya Mahindi

Katika chumba kimoja cha mtaa wa Berea, ugenini kwetu sote wawili, tulikula sahani moja. Mwenyeji wangu, dada wa Lubumbashi anayesuka nywele, alinipa godoro nilipomaliza chuo nikakosa kazi. Sharti lake lilikuwa moja: kila jioni tukae chini tule bukari pamoja. Ndivyo wanavyouita ugali kwao. Asiyegusa ugali wa mwenzake, alisema, atafute pengine pa kulala.

Siku moja nikaiona ndoo chini ya sinki, nikaifunua. Mahindi makavu yamelowekwa kwenye maji meupe, na pembeni kimfuko cha ungaunga kisicho na maandishi. Nikanusa. Chokaa. Kwetu Tanga chokaa hupakwa ukutani. Mbona ameifunika? Mbona jana aliacha kuimba nilipoingia? Labda amenichoka na hawezi kunifukuza kwa mdomo.

Nikamwambia nimefunga. Ilikuwa Alhamisi, Waislamu wengi hufunga sunna, na yeye Mkristo hakuuliza.

Magharibi sikuifikiria. Adhana ilipolia kwenye simu yangu, mkeka ulikuwa umeshatandikwa. Alikuwa ameyaosha yale mahindi mpaka maganda yakatoka, akayasaga kwa mashine ya kusagia nyama, akagandamiza madonge kwa kitako cha sahani na kuyachoma kwenye kikaango kikavu. Zikatoka chapati nyembamba zenye madoa.

"Hizi ni totila," akasema. "Mpishi mmoja wa Doornfontein amenifundisha. Chokaa inalainisha mahindi. Nikizijua vizuri, nitauza. Futuru, mudogo wangu. Weye wa kwanza."

Mbona mimi wa kwanza?

"Anza wewe, dada."

"Mie sikufunga."

"Anza tu."

Akaniangalia, kisha akaiangalia ndoo. "Eish! Unawaza minakuloga?" Akamega totila yangu, akatafuna polepole, akaachama kama mtoto mbele ya daktari. "Umeona? Nimemeza. Sasa ngoja nife, ndipo ule."

Nilikula. Ilikuwa tamu, na ladha ya chokaa sikuisikia kabisa, jambo lililonitia wasiwasi zaidi.

Tangu siku ile hapiki mpaka nisimame jikoni. "Kuja uone maji. Kuja uone chumvi." Husema kwa upole, kisha hunikabidhi mwiko nisonge mwenyewe. Sijui kama amenisamehe au ananiadhibu. Tukikaa kwenye sahani, yeye ndiye humega wa kwanza, na hashushi macho mpaka ahakikishe nimemwona akimeza.