Mashine iliyokata pumzi wiki ya mtihani

Jumatatu, saa nane mchana. Fundi ameegemeza shavu kwenye kiganja, na mbele yake maandishi meupe yanapanda kwenye kioo cheusi cha kompyuta, mstari baada ya mstari, upesi kuliko jicho linavyoweza kusoma. Wala hasomi. Anayaacha yapite, kama mtu anayetazama mvua dirishani.

"Ukiniita nitaitika, lakini sipo," anasema, kisha anacheka mwenyewe. "Niko ndani ya ile."

"Ile" ni mashine ya kuchapa nukta nundu, maandishi yanayosomwa kwa vidole. Imekaa chumba cha pili cha shule hii ya wasioona kwa miaka kumi na tisa. Kampuni iliyoitengeneza ilishafunga milango, na mwezi uliopita programu yake ilifutika yote. Mtihani wa hesabu ni Ijumaa, na watahiniwa ni kumi na wanne.

Maandishi ya programu fundi anayo. Kilichopotea ni kompaila, yaani zana ya kuyageuza yawe amri ambazo chipu ya mashine inazielewa. Ilikufa na kompyuta ya zamani. Kwa hiyo anajenga nyingine, nayo ina kichekesho chake: inakaa kwenye kompyuta hii, lakini kila inachoandika ni kwa ajili ya chipu ya chumba cha pili.

"Ni kama kumpikia mgonjwa wa jirani," anasema. "Chumvi hupimi kwa ulimi wako."

Kabla ya kujenga kuna menyu ya maswali zaidi ya mia mbili. Chipu ni ya ukoo gani? Kumbukumbu yake ina ukubwa gani? Hesabu za desimali inaziweza? Mengi unayaacha yalivyo. Matano au sita ukiyakosea, umekwisha. Na kila ukijibu upya, unasubiri saa nne nzima kompaila ijengwe, huna la kuiharakishia.

Hizo saa nne ndizo za ndoto. "Najiona nimekuwa mdogo, natembea ndani ya chipu kama mtu aliyehamia nyumba ngeni," anasema, macho yakiwa mbali. "Napapasa ukuta. Nauliza, jiko liko wapi? Maji je? Kuna taa humu?"

Mashine isipoamka, wale kumi na wanne watasomewa mtihani kwa sauti. Anayekosa raha zaidi kwa hilo ni mhakiki wa chapa, mama wa miaka hamsini na moja ambaye hukagua kila ukurasa kwa vidole. Ni dada wa fundi, tumbo moja. Yeye mwenyewe alifanya mtihani wake hivyo hivyo, kwa kusomewa.

"Msomaji alikuwa na mafua na haraka zake," anasimulia. "Swali refu analisoma mara moja, tena anaruka mistari. Nikimwomba arudie, ananiambia muda. Nikafeli hesabu, na hesabu nilikuwa naiweza! Inaniuma mpaka leo, nisikufiche."

Fundi, wakati huo mtoto, alikuwa nje ya ukumbi akimsubiri ampeleke nyumbani.

Jumatatu hiyo jioni kompaila ilikamilika, programu ikatiwa kwenye mashine. Mashine ikaamka, ikavuta karatasi, ikanyamaza. Jumanne fundi akabadilisha majibu mawili na kusubiri tena. Ikavuta karatasi, ikanyamaza. Jumatano hali ile ile. Mwalimu mkuu, bila kumtazama usoni, akaanza kutafuta wasomaji. Fundi hakula siku hiyo.

Alhamisi asubuhi dada mtu akaingia chumba cha pili, akaweka kiganja juu ya mfuniko.

"Washa."

Fundi akawasha.

"Tena. Na usihemeheme, unanipigia kelele."

Baada ya mara ya tatu akatikisa kichwa. "Mdogo wangu, hii haijafa. Inavuta karatasi vizuri, inasogeza kichwa mpaka ukingoni, halafu inakata pumzi. Miaka yote hapo ndipo ilipokuwa ikitulia kidogo, kabla ya kupiga nukta ya kwanza. Huwa inafanya nini hapo?"

"Inapima nafasi kati ya nukta na nukta."

"Inapima kwa kutumia nini?"

"Kwa desi..." Fundi akashika kichwa. "Mungu wangu. Desimali!"

Kwenye menyu alikuwa amejibu ndiyo, chipu ina sehemu yake maalumu ya kukokotoa desimali. Kitabu cha mashine kinasema hivyo. Akachukua bisibisi, akafungua, akachungulia kwa kioo cha kukuzia. Herufi ya mwisho juu ya chipu haikuwa ile ya kitabuni. Hii ilikuwa ndugu yake wa bei rahisi, asiye na sehemu hiyo. Ikiagizwa kisichokuwamo, inaganda.

"Nilikiamini kitabu, chipu yenyewe sikuitazama," akasema. "Aibu gani hii!"

"Tangu utotoni wewe ukionyeshwa maandishi tu umeamini," dada yake akamchokoza.

Akabadilisha jibu moja: desimali zikokotolewe kwa njia ndefu, kwa kujumlisha na kutoa kwa kawaida. Ni taratibu, ila inafika. Wakakaa saa nne bega kwa bega, maandishi meupe yakipanda, wakisinzia kwa zamu. Saa tisa mchana nukta ya kwanza ikagonga. Ikagonga na ya pili, na kufikia jua kuzama nakala zote kumi na nne zilikuwa mezani, dada mtu amezipitia moja moja.

Ijumaa asubuhi wako kwenye benchi nje ya ukumbi wa mtihani. Fundi anaeleza mipango yake: kuna shule nyingine mbili zenye mashine kama hii zilizokwama, na amekwisha kuwaandikia walimu wakuu wa huko waache kitabu, wamsomee herufi za kwenye chipu.

Dada yake hamsikilizi. Amegeuzia sikio mlangoni.

"Unasikia?"

"Sisikii kitu, Dada."

"Ndiyo hivyo. Hakuna anayesomewa." Machozi yanamtoka, na hayafuti. Kisha anasema, "Mwakani mimi nakaa humo ndani. Jana nimempa mwalimu mkuu jina langu. Hesabu tu."

"Dada! Kwa miaka hamsini na moja hiyo?"

"Kwani pembetatu siku hizi ina pembe ngapi?"