Wali wa Matanga

Salmah alikuwa na kliniki ya vyumba viwili kando ya barabara ya mpakani, Bwera, Uganda, mkabala na Congo, na umbea wa kujaza vyumba ishirini. Nani kaoa, nani kafumaniwa, mbuzi wa nani kala mihogo ya nani: yote yalimfikia palepale alipokuwa akiwachoma watu sindano. Walimwita Musawo, kama wauguzi wote wa huku, na walimsamehe umbea kwa sababu mkono wake ulikuwa mwepesi.

Mwaka ule Ebola iliposikika ng'ambo ya mpaka, wauguzi wa kliniki ndogo waliitwa semina Kasese. Wakala kuku, wakapewa fulana zinazobana. Mkufunzi wao, Benon, aliwafundisha jambo moja lililokuwa na maana kuliko hata wale kuku: uliza kabla hujagusa. Mgonjwa wa homa abaki nje, aulizwe ametoka wapi na kama amezika mtu. Ukiona mashaka, mkalishe peke yake, piga simu wilayani, na mikono yako ikae kwako.

Salmah akarudi, akaweka kiti cha plastiki chini ya turubai uani, walipolala kuku wake, na ndoo ya maji ya dawa mlangoni. Akaanza kuuliza. Basi Bwera nzima ikawa inatoka Ibanda, mji ulio mbali na mpaka. Mchuuzi ambaye vitenge vyake vilikuwa bado vinanukia Congo, katoka Ibanda. Kijana wa boda mwenye vumbi la Kasindi, kule ng'ambo, hadi masikioni, Ibanda. Wala hakuna aliyezika. Watu walikuwa wameacha kufa. Kila mmoja alijua kwamba ukisema kweli unawekwa turubaini, na majirani wanakufanya kitafunio cha chai yao.

Semina haikuwa na dawa ya uongo. Umbea ulikuwa nayo. Salmah alijua kwamba mtu wa mpakani anaweza kuficha safari, lakini hawezi kunyamazia chakula kibaya cha matanga. Akaacha kabisa kutaja mazishi. Huku akipanga vidonge vyake, aliuliza tu, "Na wali ulikuwaje?"

"Ulikuwa na mawe, Musawo," mtu anajibu, na hapohapo anajua amejikamatisha.

Siku moja ya soko akaja Bibi Sumayah, mama mkwe wake, kutoka Karambi. Huyu ndiye aliyeosha maiti za wanawake wa Kiislamu pande zote mbili za mpaka. Kufa bila kuoshwa naye ilikuwa kufa kwa haraka haraka. Alikuwa anatetemeka ndani ya vitenge viwili, mkono ameunyoosha. Salmah akapiga magoti kama adabu inavyotaka, lakini aliyapigia mbali.

"Mukamwana, muke ya mutoto yangu, mukono yangu iko inakungoja."

"Naiona, Mama. Mumetoka wapi?"

"Ibanda."

Salmah alitaka sana kumwamini. Kumweka mama mkwe turubaini ni kumtangaza soko zima, na Twaibu, mumewe, alimpenda mama yake kuliko alivyoipenda nchi. Bwera ndoa zimevunjika kwa chumvi tu. Angeweza kunyamaza, akamshika mkono, mambo yakaisha.

"Na wali ulikuwaje, Mama?"

"Wali?" Bibi Sumayah akaisahau homa. "Ile ilikuwa uji. Na ile mbuzi, mutoto yangu, ilikufa zamani kuliko marehemu."

Akaurudisha mkono wake ndani ya kitenge. 

"Mulimuosha?"

"Nilimuosha, kule Congo. Alitapika damu. Balisema ni vidonda ya tumbo."

Salmah akamwonyesha kiti cha turubaini. Alilia akiwa bado magotini, bila kumgusa, kisha akapiga simu wilayani. Twaibu alifika kabla ya gari la wilaya.

"Unaweka mama yangu inje na kuku?"

"Ndiyo. Na wewe, Baba Huzaifa, simama hapo. Ukimushika, iko kiti ya pili."

Twaibu hakuwa amewahi kuamriwa na mkewe, kwa hiyo alisimama.

Majibu ya damu ya Bibi Sumayah yalirudi: malaria. Bwera ilicheka hadi mbavu zikauma. Salmah akaitwa Musawo wa Kuku. Twaibu alikula kimya kwa majuma, na Bibi Sumayah akahamishia homa zake zote kliniki ya jirani. Salmah aliona aibu, na uchungu kuliko aibu, maana alimpenda bibi yule. Lakini kiti hakukiondoa.

Mvua zilipoanza, Bibi Sumayah akaja na goti lake bovu, akaketi kwenye benchi ndani bila salamu. Salmah akaendelea kupanga vidonge vyake. Mara akasimama mlangoni Yayeri, muuza maharage, macho mekundu kwa homa.

"Natoka Ibanda, Musawo."

Salmah akafungua kinywa, lakini sauti ilitoka nyuma yake, kwenye benchi.

"Ibanda ni kuzuri," akasema Bibi Sumayah. "Na wali ulikuwaje?"