Nilivyokwama Ndani ya Mzinga wa Babu

Fundi anaranda fremu ya stashahada yangu, ya pekee hapa Igamba, na harufu ya mninga inanirudisha kwa babu, aliyekuwa akichonga mzinga wa nyuki kwa patasi. Kwa kuwa nilikuwa na akili kuliko watoto wote, nilitanguliza kichwa ndani kulainisha pale patasi isipofika. Nikakwama kiunoni.

“Mzee, pasua mzinga, mtoto atakufa!” bibi alipiga kelele, tezo mkononi.

“Mti mzuri hivi?” babu alijibu. “Tumnyime ugali, atapungua.”

“Basi na wewe leo huli.”

Babu akakimbilia mafuta ya nyonyo. Wakanivuta miguu, nikachomoka bila kaptula. Bibi akanikumbatia. Babu akainama kukagua kama mzinga umepata ufa.