Jina Lililoandikwa Polepole

Rangi za ile fomu nilizichagua mimi. Tulikuwa kambini Munigi, chini ya hema, tukiandikisha watoto waliopotezana na wazazi wao njiani wakikimbia vita. Mkubwa wetu wa kazi aliniachia tableti siku nzima niipange fomu hiyo. Mimi nimesoma shule ya msingi tu, na ninaandika herufi moja moja.

"Weye unaandika sawa kinyonga anavuka barabara," alisema. "Weye ukiielewa, kila mutu ataielewa."

Wenzangu walicheka. Nami nilicheka, nikiangalia viatu vyangu.

Kijiji nilikipa kijani, namba ya simu bluu. Jina nililipa nyekundu: herufi zitoke nyekundu, kisha zigeuke nyeusi namba ya simu ikishaingia. Shuleni mwalimu alitumia biki nyekundu mahali alipotaka tuangalie vizuri, nami sikutaka mtu apitilize jina. Mkubwa alijaribu kwa vidole vyake vya haraka. Wekundu ulionekana kidogo tu, ukapotea.

"Iko muzuri," alisema.

Kesho yake mama mmoja kutoka Masisi alikaa kando yangu. Mtoto wake wa miaka sita alimponyoka mkononi watu walipokuwa wakikimbia. Alinitajia jina. Lilikuwa refu. Niliandika herufi ya kwanza, nikatafuta ya pili, nikatafuta ya tatu. Nikasikia pumzi yake inabadilika.

"Mutoto wangu, juu ya nini unamuandika na rouge?"

"Ni rangi nyekundu tu, mama. Itageuka."

"Kwetu katekista anaandika na rouge wale wamezikwa. Nani amekuambia amekufa?"

"Hakuna mutu, mama. Ni mimi nilichagua."

Nilisema vibaya. Nilimaanisha rangi. Aliniangalia kama mtu aliyesikia kitu kingine.

"Futa."

"Mama, nipe kwanza numero ya telefone..."

"Futa jina ya mutoto wangu!"

Nilifuta, herufi moja moja. Alingoja mpaka ya mwisho, akakaza kitenge chake, akaondoka juu ya mawe meusi ya volkano yaliyozunguka kambi. Hakuacha namba, wala jina lake mwenyewe.

Mkubwa alibadilisha rangi kwa dakika moja.

Baada ya majuma mawili ilikuja orodha ya watoto waliopatikana upande wa Rutshuru. Nilisoma kwa kidole. Jina lile refu lilikuwemo, miaka sita, kutoka Masisi. Tableti ilitafuta mzazi, ikajibu kwamba hayupo.

Sasa kila nikimaliza kazi ninapita kati ya mahema na kuuliza. Jina la mama silijui, kwa hiyo ninataja la mtoto. Kabla sijasema kwamba amepatikana, watu wengine tayari wanainamisha vichwa na kuniambia pole. Jana mama mmoja mzee aliniomba nisilitamke tena jina la aliyekufa karibu na watoto wake.

Leo nitaanzia upande wa chini, kwenye matangi ya maji.