Makoki Wangu Aliendesha Baiskeli Amesimama

Kosa ni langu. Nalisema mapema kabla sijaanza kuchekesha, maana nikianza kuchekesha hata mimi mwenyewe nasahau nilichokuja kusema. Huo ni ugonjwa wangu wa pili. Wa kwanza utausikia sasa hivi, na kama unakula, weka sahani pembeni.

Mimi ni Mugisu wa Mbale, mashariki mwa Uganda. Shule niliiacha darasa la sita, au yenyewe iliniacha, hatujawahi kukubaliana. Miaka ile ya tisini nilikuwa Jinja, nabeba watu kwa baiskeli pale stegi ya Nalufenya, kituo chetu cha kungojea wateja. Boda boda ya kukanyaga, siyo hizi za petroli. Mteja anakalia mto laini, wewe dereva unakalia ngozi kavu juu ya chuma. Kumbuka hicho kiti.

Basi nikachanika. Huko nyuma, pale mnapopajua. Nilikuwa nakula posho kavu, ugali bila mchuzi, kila siku na maji sinywi, choo kikawa kigumu, na asubuhi moja nikasikia kama nimepitisha wembe. Damu kwenye gazeti. Mhariri wa gazeti hili nisamehe, lilikuwa gazeti, tulikuwa hatuna kingine.

Tangu hapo kila nikienda chooni natoka na machozi, na maumivu yanabaki nami mpaka mchana. Nikaanza kuogopa chakula. Nikakonda. Na miaka ile ukikonda watu hawakuulizi unaumwa nini. Wanakuangalia shingo, halafu wanaambiana kwa sauti ndogo: silimu, ndiyo ukimwi.

Ningeweza kutibiwa Jinja. Lakini manesi wa Jinja nilikuwa nawabeba kila asubuhi, sasa nitawafunulia nini? Nikaenda Mbale. Mwaka ule kwetu ulikuwa mwaka wa tohara, vijana wanacheza barabarani na kengele mapajani, kwa hiyo uongo ulikuwa tayari. Nikaaga stegi: naenda kumsimamia mpwa wangu apate kisu.

Daktari alikuwa mzee mpole. Aliniweka miguu juu kama mama anayezaa.

"Wewe ni Mugisu?"

"Ndiyo, daktari."

"Basi kisu unakijua."

"Kile kilikuja mbele, daktari. Nilikiona kinakuja."

Sista alicheka mpaka akaweka sindano chini kwanza. Kisha wakanidunga mgongoni, miguu ikapotea, na wakakata kidogo kile kimsuli kinachobana, ili kidonda kipate nafasi ya kupona. Hicho sikukisikia. Kilichonipata ni choo cha kwanza baada ya pale.

Mimi niliyesimama mbele ya ukoo mzima, uso umepakwa unga, kisu kikapita nisipepese jicho, nililia nimeshika mlango wa choo cha hospitali namwita mama. Mama alikuwa amekufa zamani.

Sista akanifundisha. Ukitoka chooni, kalia beseni la maji ya uvuguvugu yenye chumvi. Kunywa maji mengi, kula papai, usibebe kitu kizito. Nikanunua beseni la bluu sokoni, nikalikalia kama kuku anayeatamia. Polepole nikapona. Siku moja nikaamka nikayatafuta maumivu nikayakosa, nikacheka peke yangu kitandani.

Nikarudi Jinja natembea miguu imeachana. Stegi wote wakasimama.

"Ai banange! Wamekutahiri tena?"

"Walikagua wakakuta kuna kipande walisahau," nikasema.

Walicheka wiki nzima. Na mimi nikaona: nimeponea hapo.

Aliyecheka kuliko wote ni makoki wangu. Kwetu, wanaume waliopata kisu msimu mmoja wanaitana makoki mpaka kufa. Makoki anaweza kukutukana mbele ya mke wako na usikasirike. Na makoki humfichi kitu. Mimi na yeye tulipanga vyumba mlango kwa mlango, yeye na mke wake Msoga wa Buwenge, mimi na beseni langu.

Mwaka uliofuata nikamwona anaendesha baiskeli amesimama. Mlima, tambarare, mteja mnene, mteja mwembamba, yeye amesimama tu juu ya pedeli, kiti hakigusi.

Nilijua. Ndugu yangu unayesoma, nilijua siku ileile. Ule mwendo niliuendesha mimi mwenyewe.

Na mimi nikafanya nini? Nikapaza sauti stegi nzima isikie: "Jamani, mwoneni makoki! Kiti kinamtongoza, yeye anakikimbia!"

Watu wakaanguka kwa kicheko. Jina likamshika: Simama. Hata wateja wakawa wanaita, "Simama, nipeleke sokoni." Kwa nini nilifanya vile? Niliona wakimcheka yeye, hakuna atakayeniangalia mimi.

Jioni moja alinikuta uani naosha baiskeli. Akasimama, kukaa hawezi.

"Makoki."

"Sema."

"Kule Mbale... walikukata?"

"Mimi nilikatwa siku tuliyokatwa wote."

"Nauliza vizuri, makoki."

"Basi muulize mpwa wangu."

Nikacheka. Yeye akatabasamu kidogo, akasema, "Haya." Akachukua baiskeli yake akaisukuma kwa mkono mpaka barabarani. Hakuipanda. Mpaka leo nikifumba macho naona mgongo wake ukienda.

Neno moja tu lilitakiwa. Ningesema, "Mimi pia. Twende, nakupeleka." Baiskeli ilikuwa hapo, safi, inameta.

Akaenda kwa mtu wa dawa za miti. Huyo akampa unga wa kuchoma kidonda, apake ndani. Ukachoma kila kitu. Akavimba, usaha, homa, mke wake akampeleka hospitali akiwa haongei tena. Walimwokoa maisha. Lakini pale palikuwa pameharibika, hapafungi tena. Choo kinatoka chenyewe.

Mwanaume Mugisu akaenda kuishi Buwenge, kwa wakwe. Ambaye si wa kwetu hajui hilo ni jambo gani. Kwetu hupishani na mama mkwe hata njiani, sasa yeye nguo zake zinaanikwa mbele ya macho ya mama mkwe.

Nilichelewa sana kwenda kumwona. Nilipofika, mke wake alinipokea nje, ameshika shuka mbichi.

"Shemeji, karibu. Nakuomba kitu kimoja. Usimchekeshe."

Sikuelewa. Nikaingia. Alikuwa amekaa peke yake karibu na mlango, juu ya nguo zilizokunjwa. Kukaa sasa anaweza.

Nikamwambia yote. Mbale, miguu juu, mlango wa choo, mama.

"Nilijua," akasema.

"Ulijua?"

"Makoki, beseni la bluu ulikuwa unaliegemeza kwenye ukuta wangu. Kila asubuhi. Mwanaume gani anakalia beseni bure?"

"Sasa kwa nini uliniuliza?"

"Sikuuliza ili nijue. Nilitaka tuwe wawili."

Mimi nikibanwa, mdomo unatafuta mzaha wenyewe. Nikasema, "Hata beseni lenyewe lilikuwa linanionea aibu."

Akacheka. Kile kicheko chake cha zamani, cha stegi. Halafu kikakatika katikati, akashika ukuta, akageuza uso.

"Toka nje kidogo, makoki. Siku hizi kucheka kunanichafua."

Nikasimama nje na mke wake. Hatukuangaliana.

Ndiyo hayo. Mchekeshaji wa stegi, na mtu niliyemchekesha zaidi hawezi kucheka tena. Bado nabeba watu, bado wananiita niwachekeshe, na nikisikia wanacheka natafuta nani kasimama juu ya pedeli.

Wewe unayesoma na unaumwa huko: nenda hospitali. Wanakata kidogo, unakalia maji ya chumvi, unapona. Na wewe uliyekwishapona, mwenzako akikuuliza kwa sauti ndogo, mjibu. Usimpe mzaha. Anayekuuliza vile tayari anajua.

Sema kama ninavyosema mimi leo: nilichanika mkundu, nikapasuliwa mkundu, nikapona. Nimeandika, na kalamu haijavunjika.

Ila Mhariri, jina langu usiliweke. Ona, hata sasa najificha.