Kwenda Kilifi Kutiwa Vyuma vya Nyonga

Niliondoka Ganze kwa sababu tangu kujifungua mwanangu wa mwisho, miaka minne iliyopita, sikuweza kuketi kwenye cherehani zaidi ya robo saa. Maumivu yalikuwa kushoto, pale uti wa mgongo unapokutana na nyonga. Daktari wa Kilifi alikuwa amekichoma kiungo hicho sindano ya ganzi. Maumivu yakatulia kwa saa chache, akajua chanzo ni hapo. Sasa angepasua kidogo tu ubavuni mwa tako na kukikaza kiungo kwa vyuma vitatu. Karatasi nilizopewa, zilizokataza ngozi kukatwa au kuchubuka kabla ya upasuaji, nilizisoma mara mbili.

Saa kumi na mbili asubuhi, siku moja kabla ya upasuaji, nilipanda gari la jirani, nikalala kwa ubavu kiti cha nyuma. Kila shimo la barabara lilinifikia mfupani. Ila hofu yangu kubwa ilikuwa chini ya nguo: jana yake mama mkwe alinichanja kwa wembe panaponiuma na kupaka dawa, ili mkono wa daktari uwe mwepesi. Nilishindwa kumkatalia.

Mnarani, karibu na mji wa Kilifi, nilifikia kwa shangazi Kadzo. Hospitali ilitaka nioge kwa sabuni maalumu, naye akanisugua mgongo. Mkono ukasimama.

"Weye, hizi chale za lini?"

"Za jana, shangazi."

"Umesoma makaratasi yote yale, kisha ukauinamia wembe?"

"Wakijua watanirudisha."

"Na wasipojua watakuzika. Chagua."

Saa moja asubuhi, hospitalini, muuguzi aliuliza kama ngozi ina jeraha. Nikasema hapana. Kalamu yake haijatua, nikamwambia, "Dada, futa. Lipo."

Daktari alizitazama chale. "Mbichi hizi. Vijidudu vikifuata vyuma hadi mfupani, itabidi tuvitoe vyuma vyote. Rudi ngozi ikipona."

Mchana huohuo nilirudi Ganze nikilia. "Ni mimi niliyekuharibia?" mama mkwe aliuliza. Nikapita ndani kujilaza.

Baada ya mwezi mmoja nilishuka tena Kilifi, nikapasuliwa. Nilirudi kwa magongo, nikiwa nimekatazwa kuuegemezea mguu wa kushoto uzito wote kwa wiki kadhaa, na kila kidonda kiliponichoma nilishtuka, nikihofia vijidudu. Mama mkwe alinipokea uani, akauliza swali lilelile.

"La, mama," nikasema. "Wewe ulifanya unalolijua. Mimi nilijua ngozi haifai kuguswa, nikanyamaza."

Niliyoyasoma hayakunifaa kitu mpaka nilipoyatamka.