Nilivyofuta sauti ya binti asiyeongea, nikidhani namsaidia

Wakuu, amahoro.

Nawasalimu kutoka Rumonge, upande wa Burundi wa Ziwa Tanganyika. Mimi humu ni msomaji. Huwa nasoma, nacheka na watu, naondoka bila kuacha neno.

Leo naandika. Yote nitakayosema yalinitokea mimi mwenyewe, hata yale ya kunitia aibu, na sitayapamba. Kiswahili cha huku mnakijua kilivyo, nimejitahidi kukinyoosha. Palipobaki pamepinda mniache hivyo hivyo.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Nina darasa dogo la watoto wenye ulemavu, na mmoja wao anaitwa Mwajuma, ana miaka kumi na moja.

Mwajuma alipata shida ya ubongo siku ya kuzaliwa. Anakaa kwenye kiti cha magurudumu. Mkono wa kulia unamtii kidogo, wa kushoto haumtii kabisa. Hatamki neno hata moja.

Ila anaelewa kila kitu. Ukisema uongo mbele yake anakutazama mpaka unatafuta pa kuweka macho.

Kuna shirika lilituletea tableti yenye app ya kuongea. Kwa wasiojua: skrini imejaa picha ndogo ndogo, chini ya kila picha neno lake limeandikwa. Mtoto akigusa picha, tableti inatamka. Akigusa tatu nne mfululizo, amesema sentensi.

Shida ilikuwa sauti. Ilikuja na sauti ya Kifaransa, ya mama mmoja wa Ulaya.

Siku ya kwanza Mwajuma aligusa picha ya maji, na ile kitu ikaomba maji kwa Kifaransa kilichonyooka kuliko cha mkuu wetu wa shule. Bibi yake alikuwepo. Akasema, "Eh, mutoto wetu amepata kazi ku ambassade," yaani ubalozini. Tukacheka wote, na Mwajuma naye akacheka. Lakini hakuigusa tena siku ile.

Fundi wa shirika aliyeileta tableti akatuambia tunaweza kurekodi sauti zetu wenyewe. Akashauri tutafute mtoto wa kike wa rika lake.

Hapo hapakuwa na mjadala. Alikuwa ni Zuwena.

Zuwena ni mtoto wa mama mdogo wa Mwajuma. Mama yake alifariki yeye akiwa bado mchanga, akalelewa nyumba moja na Mwajuma, sahani moja, kitanda kimoja. Anamzidi mwaka mmoja. Kwetu huyo ni dada, hakuna cha binamu.

Tulirekodi darasani baada ya masomo, madirisha tumefunga kwa sababu ya mashine ya kukamua mawese iliyo jirani. Zuwena anatamka, mimi nabonyeza, Mwajuma anasikiliza kama hakimu.

Kwenye neno "ugali" Zuwena alicheka katikati, njaa ilikuwa imemshika. Nikasema turudie. Mwajuma akapiga kelele za kukataa mpaka nikaacha. Kwa hiyo mwaka mzima ugali wa Mwajuma ulikuwa na kicheko mwishoni.

Niwaambie kidogo walimu wenzangu, wengine mnaweza kuruka hapa.

Mwanzoni nilijaza tableti majina ya vitu. Wali, choo, kitanda, kiatu. Mtoto akawa anaomba tu, kama yuko dukani. Baadaye nikajua kwamba kazi kubwa inafanywa na maneno madogo: mimi, wewe, taka, enda, bado, tena, hapana. Kwa hayo mtoto anaweza kubisha, kuuliza, kukataa, hata kutania.

Na jambo la pili: huyo mtoto lazima naye aongeleshwe kwa tableti hiyo hiyo. Unaongea huku unagusa picha, ili aone inavyotumika. Mimi nilikuwa nasahau kila saa, mdomo wangu una haraka.

Zuwena hakusahau. Alikuwa anagusa na kuongea, hata wakigombana. Siku moja niliwakuta wanagombania kitana, wanapokezana tableti. "Hapana." "Wewe." "Wewe hapana." "Tena hapana." Sauti zote mbili ni za Zuwena. Nilisimama mlangoni nikawaacha wamalize, sijawahi kufurahia ugomvi kama ule.

Mwisho wa mwaka wa shule baba yake Zuwena akaja. Alikuwa ameoa tena, ana shamba la michikichi kule Nyanza-Lac, anamtaka binti yake. Ni haki yake, na hakuna aliyemgombeza. Zuwena akaondoka na mfuko wake wa nguo.

Anayeijua barabara yetu ya kando ya ziwa atasema Nyanza-Lac ni hapo tu. Kweli. Ila siku hizi mafuta ya gari ni shida, magari ni machache, na dereva akiona kiti cha magurudumu anajifanya hakukuona. Hapo tu pamekuwa mbali sana.

Kwenye tableti kulikuwa na picha ya Zuwena, na jina lake kwa sauti yake mwenyewe. Mwajuma akawa anaigusa. "Zuwena." Anangoja, anatazama mlango. Anagusa tena. Katikati ya hesabu, katikati ya kusoma. Watoto wengine walizoea, mimi sikuzoea.

Masomo yakaanza upya na maneno mapya yakaja. Mzizi, mvuke, jirani, mpaka. Zuwena hayupo na simu ya baba yake ni ile ya vitufe, haiwezi kutuma sauti. Nikarekodi mwenyewe.

Wakuu, mimi nina miaka hamsini na mbili na navuta sigara. Hebu fikirini binti wa miaka kumi na moja anasema "jirani yangu ni mzuri" kwa sauti ya mzee. Mwajuma alisikiliza mara moja, akanitazama kwa huruma kabisa, na hakuligusa tena.

Mama yake naye akarekodi. Hakuyagusa. Maneno ya Mwajuma yakagota pale pale Zuwena alipoyaacha. Nikaona mtoto mwenye akili kuliko wote darasani anabaki na maneno ya mwaka jana, na likaniuma.

Sasa sikilizeni ujinga wangu.

Nilijiambia kwamba tatizo ni mchanganyiko wa sauti. Zikiwa sauti moja kuanzia mwanzo hadi mwisho, atazoea. Kuna mwanafunzi wa kike wa darasa la juu anaitwa Divine, anasoma vizuri, sauti yake haina mikwaruzo. Jumatano moja mchana nikakaa naye, tukarekodi kila kitu upya. Mimi, wewe, ugali, Zuwena. Kila neno app iliniuliza kama nabadilisha la zamani, na kila mara nilibonyeza ndiyo. Sikusita hata kwa moja. Nilirudi nyumbani nimejisifu njia nzima.

Kesho yake Mwajuma akagusa picha ya Zuwena.

Ikatoka sauti ya Divine.

Akagusa tena, polepole. Akagusa mara ya tatu. Kisha akagusa "mimi", nayo ikatoka kwa Divine. Akavuta mkono wake na kuuweka chini ya paja lake. Ndio mkono pekee alio nao.

Mama Mwajuma alikuja siku hiyo hiyo, bado ana harufu ya mawese ya sokoni. Hakupandisha sauti.

"Mwalimu, sauti ya Zuwena iko wapi?"

"Nimeibadilisha, Mama Mwajuma. Hii ingine inasikika muzuri zaidi."

"Uliuliza nani?"

Nikaanza kupanga madaftari yaliyokuwa yamepangwa tayari.

"Baba yake alichukua mutoto," akasema. "Wewe umechukua chenye kilibakia."

Nikampigia yule fundi wa shirika. Akaniuliza kama niliweka backup. Nikamuuliza backup ndiyo nini. Kumbe ni nakala ya akiba, na sikuwa nayo. Mkidai kwamba walimu hatujifunzi, mimi ni ushahidi wenu.

Wiki zilizofuata Mwajuma hakugusa chochote. Tableti iko mbele yake, imewaka, yeye anatazama dirisha. Nilitamani hata ule ugomvi wa kitana. Nilikuwa nasahihisha madaftari na masikio yangu yanangoja kicheko cha ugali. Mtu mzima mimi, nimekosa usingizi kwa ajili ya kicheko nilichokifuta kwa kidole changu.

Mwishowe nikaamua. Mwalimu mwenzangu alikuwa amepata mafuta kidogo ya pikipiki. Nitakwenda Nyanza-Lac Jumamosi na tableti mgongoni, nimuombe Zuwena arekodi upya yote.

Ijumaa nikachuchumaa mbele ya kiti cha Mwajuma. Nikamwambia, "Mwajuma, nilifanya vibaya. Sikukuuliza. Kesho naenda kwa Zuwena, nitakurudishia sauti yake."

Nilitegemea atafurahi.

Akautoa mkono chini ya paja. Akapitisha kurasa, moja baada ya nyingine, mpaka ya mwisho kabisa, ukurasa wa herufi. Ule sikuwahi kuurekodi. Ukigusa A, A inaandikwa juu, kimya. Niliutupa huko mwisho nikisema atautumia siku akiwa tayari. Mimi ndiye niliyekuwa napanga siku hiyo.

Alianza wenzake walipotoka kucheza na akamaliza wamesharudi. Kidole kinateleza, anafuta, anarudia. Mara nyingi nilitaka kumkisia nimmalizie. Nilijifunga mdomo.

Aliandika hivi, sijagusa kitu:

*sauti apana. nataka zuwena. mimi enda.*

Nilisoma mara mbili. Mwezi mzima nilikuwa nahangaika na sauti, naitafuta, naibadilisha, naomba mafuta ya kwenda kuichota. Kumbe mtoto alikuwa amekosa mtu. Ile sauti alikuwa anaishika kwa sababu ndiyo pekee tuliyomwachia.

Nilimuuliza mama yake nani alimfundisha kuandika. Akaniambia, "Zuwena alikuwa anafanyaka devoirs zake za masomo juu ya meza ya kile kiti. Anasoma herufi kwa nguvu, huyu anaangalia." Na yale maneno chini ya picha, ambayo mimi niliyaona kama mapambo, alikuwa anayasoma muda wote.

Sikwenda Nyanza-Lac. Kwenda mimi na kumwacha yeye ingekuwa kosa jingine. Niliandika maneno yake yale yale kwenye simu yangu na kuyatuma kwenye simu ya vitufe ya baba yake Zuwena.

Jibu lilikuja Jumapili:

*Mwaju, ni mimi. na mimi nakutaka. huku sina mutu wa kugombana naye.*

Nilipeleka simu hadi nyumbani kwao. Nilimshikia, akasoma mwenyewe. Alicheka kwanza, halafu akalia, halafu akanikataza kuizima simu. Mimi nikatoka nje kujifanya naangalia hali ya hewa.

Tangu siku ile wanaandikiana kupitia simu yangu. Sauti ya Divine ameikubali kwa maneno ya masomo, mzizi na mvuke hana ugomvi nayo. Ila aliniomba, kwa herufi, nitoe sauti kwenye maneno mawili: "mimi" na "Zuwena". Nimetoa. Akiyagusa sasa yanaandikwa tu, kimya, na wewe unayeongea naye unatakiwa usome.

Nilichojifunza mimi ni hiki. Mpeni mtoto herufi siku ya kwanza, hata kama mnaona bado. Picha zina maneno tuliyomchagulia sisi, na tulichokisahau hawezi kukisema mpaka awe na herufi. Na sauti ya mtu, hata kama imo ndani ya mashine, ni yake. Usiiguse kabla hujamuuliza.

Walimu na wazazi humu ndani, mliopitia haya niambieni mlifanyaje, na mlipokosea pia.

Lakini ujumbe wa simu si Zuwena. Hawajaonana tangu alipoondoka. Baba yake amesema mlango uko wazi, waje hata wiki nzima. Kinachokosekana ni gari. Kwa hiyo naomba: kama kuna mtu humu anasafiri kutoka Rumonge kwenda Nyanza-Lac, ana nafasi ya mama mmoja, binti mmoja na kiti kinachokunjika, aseme hapa chini.

Mwajuma yuko pembeni yangu ninapoandika haya. Ameshanifutisha sehemu mbili nilizojisifu.

Majibu yenu atayasoma mwenyewe, neno moja moja, kwa hiyo andikeni kwa ufupi. Pole msiandike, anazo nyingi. Andikeni siku ya safari.